Faili la Kitanda cha Mlangoni

Jumatano, tarehe kumi na saba Aprili. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, lakini mawingu yalikaa chini sana, karibu yaguse paa la wodi, na taa za korido ziliachwa zikiwaka asubuhi nzima. Nilifika kazini mapema kuliko kawaida kwa sababu mke wa mwanangu alikuwa amelazwa hapo hapo hospitalini kwetu, akisubiri kupasuliwa uvimbe katika mji wa mimba, na siku yake ilikuwa hiyo.

Nilimkuta ameketi kitandani, kitanda namba tisa, nywele amezifunga kitambaa.

"Baba, umekuja kuniona au umekuja kazini?"

"Yote mawili, mwanangu."

"Basi nione upesi, kabla hawajakuita ukazipigie magoti kompyuta zao."

Nilicheka, naye akacheka, lakini mikono yake ilikuwa ya baridi nilipoishika. Daktari wa upasuaji alikuwa ametuambia wazi, mimi na mwanangu. Uvimbe umekaa pabaya, damu itatoka nyingi, na bila damu inayomfaa kuwa pembeni yake hatashika kisu. Nilimwombea pale pale, kwa sauti ya chini. Nikamwomba Mungu amtoe huko ndani akiwa hai, kwa kuwa mwanangu hana mwingine, na mimi sina binti mwingine.

Niseme kidogo kuhusu kazi yangu, ili ninachosimulia kieleweke. Niliendesha gari la wagonjwa miaka mingi mpaka macho yakaanza kunisaliti. Hospitali haikunitupa, ikanihamishia chumba cha kumbukumbu. Huko nilikuta kompyuta, nami sikujua hata kuiwasha, ndipo nikajiandikisha darasa la jioni, nikakaa benchi moja na vijana wanaoniita babu. Sasa ni mwaka wa pili. Hospitalini bado wananiita Dereva, na kwa kuwa fundi wa kompyuta anatoka mji mwingine, mambo madogo madogo ya mtandao wameniachia mimi. Kabla ya kugusa kibodi huwa nasali kimoyomoyo. Mpimaji wetu wa maabara, ambaye wote tunamwita Darubini, husema kompyuta ya kumbukumbu imeshazoea, haiwaki mpaka isikie amina.

Katika kompyuta ya maabara kuna folda inayoitwa DAMU. Kila mgonjwa anayehitaji kuongezewa damu ana faili lake humo, na ndani hakuna kitu kingine ila kundi lake la damu na namba za mifuko aliyotengewa kwenye jokofu. Jina halimo. Skrini za wodini zinatazama korido wanapopita wageni, kwa hiyo mganga mkuu alikataza majina, na tangu hapo faili huitwa kwa kitanda: KITANDA 1, KITANDA 9. Maabara ndiyo inayoandika. Wodi na chumba cha upasuaji wanafungua folda hiyo kupitia mtandao, wanasoma tu. Mgonjwa akihamishwa kitanda, mhudumu hupeleka kikaratasi maabara, na Darubini hubadilisha jina la faili. Ndivyo tulivyofanya kazi siku zote, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake.

Siku iliyotangulia, kompyuta ya maabara ilikuwa imekufa. Fundi alikuja, akafunga mpya, akahamishia mafaili, akaondoka zake kuwahi safari.

Nilipofika chumba cha kumbukumbu, sikuwa hata nimevua koti simu ya mezani ilipolia. Alikuwa sista wa wodi.

"Mzee Dereva, folda ya maabara haifunguki. Inaniambia sina ruhusa. Mimi sina ruhusa, na wodi ni yangu."

Sikuwa nimekata simu hiyo vizuri, chumba cha upasuaji nao wakapiga. Kwao vile vile. Daktari alikuwa anavaa, na alisema haanzi kabla skrini haijamwonyesha damu ya mgonjwa wa kwanza. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mkwe wangu.

Nilimpigia fundi. Simu yake haikupatikana. Nikapiga tena, haikupatikana. Nilikwenda maabara nikiwa na daftari langu la shule kwapani.

"Karibu, daktari wa mashine," Darubini alisema bila kuinua macho kwenye hadubini yake. "Mgonjwa wako yule pale, hali chakula, hasemi na mtu."

"Mkwe wangu ndiye wa kwanza leo."

Hapo akainua macho. Akavuta kiti, akanipisha.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Kwanza waya, nikaona kitaa cha kijani kinapepesa. Kisha nikaenda kwenye kompyuta ya wodi nikaiita ile ya maabara kwa namba yake, nayo ikaitika mara moja. Maana yake njia ilikuwa nzima. Kompyuta hizi mbili zilikuwa zinasikiana, ila moja ilikuwa imemfungia mwenzake nje. Nikarudi maabara. Nikabofya folda, nikatafuta mahali pa kushiriki, nikaona kwamba fundi alikuwa ameandika jina lake mwenyewe tu kati ya wanaoruhusiwa. Nikaongeza "Kila mtu". Palikuwa na viboksi vya kuchagua: kusoma, kubadilisha, udhibiti kamili. Nikatia alama kwenye kusoma, nikakimbia wodini.

Haikufunguka.

Nikarudi, nikatia alama kwenye kubadilisha. Haikufunguka. Simu ya chumba cha upasuaji ililia tena, safari hii Darubini ndiye aliyepokea, na nilimsikia akisema, "Ndiyo, daktari. Yupo hapa. Anajitahidi, daktari." Nikatia alama kwenye udhibiti kamili. Bado.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ruhusa ziko mahali pawili. Kuna za kushiriki kwenye mtandao, na kuna za folda yenyewe ndani ya diski, na mgeni lazima apite zote. Mwalimu wetu wa jioni alilisema hilo mara nyingi, nami nililiandika, lakini hofu inafuta mengi. Nikafungua zile za pili. Nikaongeza "Kila mtu" humo pia, na kwa kuwa sikutaka kurudi tena, nikabofya kile kiboksi cha juu kabisa kinachotia alama vyote vilivyo chini yake.

Folda ikafunguka wodini. Ikafunguka chumba cha upasuaji. Sista alinipigia makofi. Nilisimama koridoni nikamshukuru Mungu kwa moyo wote, na ninaeleza hili kwa sababu nilikuwa mkweli kabisa katika shukrani ile. Sikurudi kupunguza ruhusa. Haikunijia hata kidogo.

Wodini kwetu mgonjwa anayekwenda kupasuliwa huhamishiwa kitanda cha kwanza, kile cha mlangoni, ili kitanda cha magurudumu kisisumbue wengine. Kitandani hapo alikuwa amelala bibi mmoja aliyekuja kuongezewa damu, mwenye miguu iliyovimba. Wakawabadilisha. Bibi akaenda tisa, mkwe wangu akaja mlangoni. Alinipungia mkono nilipopita. Muda si mrefu wakamchukua, na mwanangu akabaki ameketi kwenye benchi la nje, viatu vyake vikiwa vimelowa, akitazama sakafu.

Nilirudi chumba cha kumbukumbu. Nilikuwa nimeanza kupanga majalada sista aliponipigia.

"Mzee Dereva, leo umetufanyia jambo. Yaani sasa hata majina ya mafaili nabadilisha mwenyewe hapa hapa. Nimehamisha wale wagonjwa wawili, nikabadilisha kitanda moja na kitanda tisa, tap, tap, kwisha. Zamani ningemsubiri Darubini mpaka nizeeke."

Nilifurahi. Ndiyo, kwa pumzi moja nilifurahi kusifiwa. Kisha nikakikumbuka kile kiboksi cha juu kabisa.

"Sista, umemwambia Darubini?"

"Nimwambie nini, na imeshafanyika?"

"Na kikaratasi?"

"Kikaratasi mhudumu alikipeleka, kama kawaida yake."

Niliweka simu. Kutoka kumbukumbu mpaka maabara ni korido moja na ngazi fupi, lakini siku hiyo ilirefuka kama barabara ya kwenda wilaya nyingine. Nilisukuma mlango.

"Darubini, umepata kikaratasi cha kubadilisha vitanda?"

"Nimepata. Nimeshabadilisha, usiwe na wasiwasi. Moja kuwa tisa, tisa kuwa moja."

"Na sista naye amebadilisha."

"Hawezi. Wao wanasoma tu."

"Nimewafungulia vyote."

Alikuwa ameshika kalamu, akaiweka chini polepole. Kilichotokea kilikuwa rahisi, na ndiyo maana kilitisha. Sista alibadilisha mafaili yakawa sawa. Kisha Darubini, bila kujua, akayabadilisha tena, yakarudi yalivyokuwa asubuhi. Wagonjwa walikuwa wamehama, mafaili hayakuhama. Faili lililoitwa KITANDA 1, ambalo chumba cha upasuaji walikuwa wakilisoma wakati huo kama la mkwe wangu, lilikuwa la yule bibi.

"Labda makundi yao yanafanana," nilisema. Nilijisikia nikiomba, si kwa Mungu, kwa Darubini, kana kwamba yeye ndiye aliyegawa damu kwenye miili ya watu.

Alikwenda kwenye rafu ya vichupa vya sampuli, ambavyo vina majina. Akavuta kimoja, akavuta kingine, akalinganisha na kitabu cha vipimo.

"Mkwe wako ni O," alisema. "Bibi ni B."

"Na mifuko?"

"Mhudumu ameshaichukua. Ya kitanda cha kwanza. Ya tisa bado imo jokofuni."

Darubini alikuwa amenieleza siku za nyuma, tukiwa tunapiga soga tu, kwamba mtu wa kundi O akipewa damu ya B, mwili wake unaipiga vita. Homa, baridi kali, figo zinaziba. Akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi hawezi hata kusema mgongo unaniuma. Nilikumbuka maneno yote yale yakiwa yamepangana vizuri, mimi ambaye husahau masomo.

Darubini alinyakua simu ya chumba cha upasuaji. Ililia, hakuna aliyepokea. Huko ndani mikono yao wote ilikuwa imevaa glavu. Mimi nilishaanza kukimbia.

Nilipita mbele ya mwanangu. Akasimama.

"Baba, nini?"

Sikumjibu. Mungu anisamehe, nilimpita mwanangu kama nguzo.

Mbele ya chumba cha upasuaji kuna mstari mwekundu sakafuni ambao hakuna anayeuvuka na viatu vya nje. Niliuvuka. Nikagonga kioo kwa viganja viwili. Muuguzi wa upasuaji, mama mtu mzima asiyependa makelele, alikuja akafungua kidogo, macho yake tu yakionekana juu ya barakoa.

"Dereva, umechanganyikiwa?"

"Mama, damu ile si yake. Msimwekee."

"Tumelinganisha. Namba za mifuko na za kwenye kompyuta ni zile zile. Nimesoma mwenyewe, mtu wa dawa ya usingizi akasoma mwenyewe."

"Kompyuta ndiyo yenye makosa. Faili ni la bibi wa kitanda tisa. Mkwe wangu ni O. Tazama mfuko, umeandikwa nini?"

Aliniangalia. Sijui aliona nini usoni pangu, maana nilikuwa siwezi kupumua vizuri. Aligeuka, na kupitia ule ufa wa mlango niliona taa kubwa, migongo ya kijani, na juu ya kichwa kimoja kilichofunikwa nikaona mfuko mwekundu ukining'inia, na chini yake, kwenye kile kichupa kidogo cha plastiki, tone. Kisha tone jingine.

"Funga," alisema muuguzi ndani, bila kupaza sauti. "Funga hiyo damu. Funga sasa hivi."

Mkono wa mtu wa usingizi ulipanda ukasokota kile kigurudumu cha mpira. Matone yakakoma. Nikasikia daktari akiuliza nini kinaendelea, na muuguzi akimjibu kwa maneno machache, kisha kimya, kisha daktari akisema, "Imeingia kiasi gani?"

Sikusikia jibu. Mlango ulifungwa.

Darubini alikuja mbio na kasha la baridi lenye mifuko mingine. Alikuwa amepima upya juu ya sampuli yenyewe, na kila mfuko ameuandika jina kamili la mgonjwa kwa kalamu nzito, amri ya mganga mkuu au la. Akapokelewa mlangoni. Tukabaki wawili kwenye mstari mwekundu.

"Dereva," alisema, "sali. Leo sikutanii."

Nilisali. Nilijaribu kusali sala ndefu ikakataa. Nilichoweza kusema ni jina lake tu, jina la binti yule, mara nyingi, nikimtajia Mungu kama mtu anayemwonyesha mlinzi wa lango ni nani anayemfuata ndani.

Upasuaji uliisha salama, daktari alisema. Uvimbe umetoka. Damu iliyomfaa ilimtosha. Lakini ile isiyomfaa iliyoingia, ingawa ilikuwa kidogo, hakuna aliyejua itafanya nini, na jibu lingeonekana kwenye mkojo. Ukitoka mweusi kama chai ya rangi, figo zimeguswa. Walimlaza chumba cha uangalizi na mpira wa mkojo ukishuka mpaka kwenye mfuko uliofungwa ubavuni mwa kitanda.

Nilimweleza mwanangu yote, tukiwa tumesimama upande huu na huu wa kitanda hicho. Sikupunguza neno. Nilimwambia kuhusu viboksi, kuhusu kile cha juu kabisa.

Alinyoosha shuka la mkewe kwanza.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyefungua," alisema.

"Mimi."

"Ili ifunguke haraka. Ili apasuliwe."

"Ndiyo."

"Na hukurudi kuangalia."

"Sikurudi."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliinama akatazama mfuko wa mkojo, ukiwa bado na kidogo tu chini, na mimi nikainama upande wangu. Sijawahi kutazama kitu kwa hofu kama ile, hata nikiwa usukani kwenye daraja lililofunikwa na maji. Kila ukiongezeka kidogo tulimwita sista wa chumba kile. Kila mara sista aliinua mfuko kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa kwamba bado hajui. Mara moja ulionekana mzito, wa rangi ya njano iliyoiva sana, na mwanangu akanishika mkono wa shati akaung'ang'ania bila kujua ameushika. Sista akasema ni upungufu wa maji tu, akaongeza dripu. Hakuonekana kuamini alichosema.

Mchana mawingu yalifunguka. Sista aliinua mfuko tena. Ulikuwa mweupe wenye njano ya mbali, msafi. Akasubiri, akaangalia tena. Daktari alikuja akaangalia, akampima joto mkwe wangu, akamsikiliza mapafu, akasema, "Mpaka sasa, vizuri. Tutaendelea kuangalia mpaka kesho." Mwanangu aliachia shati langu. Akaenda dirishani akageuza uso ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Matroni aliingia alasiri. Alikuwa na Darubini na sista wa wodi, na sista alikuwa amelia mpaka macho yakawa madogo. Matroni ni mwanamke mfupi ambaye hata madaktari humpisha njia. Alisema amekwishafunga folda ile, na kwamba kuanzia leo mafaili yataitwa kwa namba ya mgonjwa inayofungwa mkononi mwake, haitegemei kitanda, na atapambana na mganga mkuu mwenyewe kuhusu hilo. Kisha akanitazama.

"Fundi amepatikana kwenye simu. Anasema anaweza kukuelekeza urekebishe ruhusa. Mimi nasema sijui kama nikuruhusu uiguse tena. Wengine wangekufukuza kwanza, wakauliza baadaye."

"Una haki, Matroni."

"Sitaki haki. Nataka kujua nitalala vipi."

Sista akasema kwa sauti ndogo kwamba na yeye alikosea, alibadilisha bila kumwambia mtu. Darubini akasema na yeye hakufungua faili kuangalia ndani. Matroni akawanyamazisha kwa kiganja.

Mkwe wangu alikuwa ameanza kuzinduka. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alifungua macho, akaona watu wengi wamemzunguka, akaogopa.

"Baba," aliita. "Nimekufa?"

"Hapana, mwanangu. Upo."

"Mbona wote mmesimama?"

Mwanangu aligeuka kutoka dirishani, akapangusa uso kwa mkono, akaja akasimama karibu na Matroni, akinikabili. "Mwambie, baba," alisema. "Mwambie yeye, na sisi wote tusikie."

Nilishika chuma cha kitanda. Nilimtaja Mungu kwanza, kwa kuwa sikuthubutu kusema kwa nguvu zangu. Kisha nikasema, taratibu, nikimtazama binti yule machoni:

"Mbele ya mumeo, na Matroni, na hawa ninaofanya nao kazi, naahidi. Sitagusa ruhusa za kompyuta yoyote hospitalini hapa nikiwa peke yangu, hata daktari akinipigia kelele, hata kama anayesubiri ni wewe. Na nikishagusa, kabla sijakaa chini, nitapita kila chumba kwa miguu yangu, nimwambie kila mtu nimebadilisha nini, na nitasubiri mpaka aniambie kwa mdomo wake kwamba ameelewa."